Chungu cha Mgeni Wetu

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake alikuwa mfinyanzi, na mimi ningekuwa nafinyanga mpaka leo kama vidole visingegoma. Vimegoma, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kusoma nilifundishwa misioni, wakati wa Mjerumani, kabla ya vita. Walimu walinilalamikia kwa jambo moja tu, kwamba mdomo wangu haujui kupumzika. Walisema kweli. Haya ninayoyaandika yalianzia mdomoni mwangu, na kwa muda mrefu niliona aibu kuyasimulia.

Kijiji chetu cha Wakisi kilikuwa kipande chembamba cha mchanga kati ya milima na Ziwa Nyasa. Ukilala vibaya, miguu inalowa. Mashamba ya maana hatukuwa nayo. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga, na chakula tulikifuata kwa mitumbwi kule bondeni kwa Wanyakyusa, ambako ardhi ni nyeusi na migomba inaota hata mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Chungu chetu kilibadilishwa kwa nafaka iliyokijaza. Ukitaka mahindi mengi, finyanga chungu kikubwa, na ukifinyanga kikubwa, omba ziwa litulie.

Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka gulioni Itungi. Ndani ya mtumbwi tulikuwa mama, wenzake wawili na mimi, niliyekuwa na umri wa kama miaka kumi na kazi yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia. Tulipopita karibu na matete tukasikia mtu anaita kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanamke kijana, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mkono wa kulia ameufunga kwa jani la mgomba. Alisema kwa Kinyakyusa kwamba ametembea siku mbili kutoka upande wa mto Songwe, na kwamba hajali tunakwenda wapi.

Mama hakumuuliza neno. Alisogeza gunia la mahindi, akamwonyesha mahali pa kukaa, kisha akamfunika kwa mkeka, kwa sababu tulikuwa bado hatujapita vijiji vya ufukoni vya Wanyakyusa. Nilitaka kuuliza mimi. Mama akanitazama, nami nikaendelea kuchota maji.

Huyo hakuwa wa kwanza. Wala sitaki mtu aseme kwamba kule bondeni ndiko kulikokuwa na fimbo na sisi wa ziwani tulikuwa malaika. Mwaka mmoja kabla yake, mvuvi wa kijijini kwetu alimpiga mkewe mpaka akazimia kwa sababu samaki waliungua. Siku iliyofuata wanawake walikwenda wote na madonge yao ya udongo, wakakaa uani kwake, wakafinyanga kutwa nzima bila kumtazama. Kesho yake wakaenda tena. Na tangu hapo hakuna aliyekubali kumpa chungu mtu wa nyumba ile isipokuwa mke mwenyewe, ambaye alikuwa amehamia kwetu. Yule mvuvi alikula samaki wa kuchoma msimu mzima. Akachoka, akaja kuomba msamaha mbele ya watu, na mkewe akachukua muda wake kufikiri. Alifikiri mpaka mvua zikaisha.

Kwa hiyo mama na wenzake walikuwa na desturi yao, ingawa sikuwahi kusikia wakiipa jina. Mwanamke akija na uso uliovimba, huyu anatoa mkeka, yule anatoa kibaba cha usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwetu, na mama anampa donge la udongo. Maswali hapana. Mama alisema mtu aliyetoka kupigwa ameulizwa maswali ya kutosha, tena na fimbo. Mpe kitu cha kushika, siku atakayotaka kusema atasema huku anafinyanga, na macho yake hayatalazimika kukutana na ya mtu.

Mgeni wetu alikaa na donge lake siku nne bila kulifanya lolote. Mke wa mmisionari alimsafisha mkono na kuufunga kwa kitambaa. Ulipona, lakini kidole cha shahada hakikukunjika tena, kilibaki kimenyooka. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba subira huvuta heri, na kwamba mke mwema huibadili nyumba. Mgeni akasema ndaga, yaani asante, kwa adabu kabisa, akarudi kwetu akalala. Mmoja wa wenzake mama akashauri apelekwe boma kwa Wajerumani, huko milimani. Mama akakataa. Alisema boma linajua kiboko tu, na kesi ya fimbo haipelekwi kwa mwenye fimbo kubwa zaidi.

Siku ya tano alianza kulikanda lile donge. Ndipo akasema. Aliolewa kwa ng'ombe, kama binti yeyote wa kwao. Mumewe alianza kumpiga mwezi wa tatu. Alikimbilia kwa baba yake mara mbili, na mara mbili baba yake alimrudisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ng'ombe wale walikwisha tumika kumwolea kaka yake mke. Mara ya tatu mume aliuweka mkono wake huo wa kulia juu ya jiwe la kusagia. Mama akamsogezea maji ya kulainishia udongo. Jambo alilotaka lilikuwa moja tu, asirudishwe tena. Alilirudia kila siku kwa maneno yale yale, na kila siku mama alimjibu kwamba amesikia.

Nilimpenda kwa pupa, kama watoto wanavyopenda. Nilikuwa mtoto wa pekee kwa mama, na baba alikwisha chukuliwa na ziwa. Nilimfuata kila mahali. Yeye alikuwa mpole kwangu lakini hakuniita kwa namna yoyote ya undugu. Mimi nilikuwa “mtoto wa mama”, na mama alikuwa “mwenye nyumba”. Baadaye nilielewa kwamba aliogopa kuzoea. Mtu aliyerudishwa mara mbili hafungui mzigo wake wote.

Mikono yake ilijifunza polepole. Watu wa bondeni hawafinyangi, na vyungu vyake vya kwanza vilichekesha hata mbuzi. Lakini alikuwa mkaidi. Baada ya miezi kadhaa akatoa chungu kimoja kizuri, cha kupikia maharage, mviringo wake umekaa sawasawa. Sisi wafinyanzi hukandamiza shingo ya chungu kwa kidole cha shahada kilichokunjwa, ili kupata alama ndogo za duara zinazofuatana. Kidole chake hakikukunjika. Alama zake zikatoka ndefu, zimelala upande. Mama alipokitoa motoni alikigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akakiweka pamoja na vya kwenda gulioni. Mgeni aligeuza uso wake ukutani akatabasamu peke yake.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Gulioni Itungi niliachwa nichunge vyungu wakati mama amekwenda kuangalia mpunga. Akaja mama mmoja mtu mzima, Mnyakyusa, amejifunga kaniki safi. Aliniamkia vizuri kama mtu anavyomwamkia mkubwa mwenzake, na hapo tayari moyo wangu ulikuwa wake. Akashika vyungu kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha mgeni akapitisha kidole shingoni, taratibu, akauliza ni nani aliyefinyanga. Mama alikuwa amenionya tangu nyumbani, tena zaidi ya mara moja, nisimtaje mgeni. Nami sikumtaja mgeni. Nilikuwa na akili nyingi, nikasema, “Dada yangu. Kidole chake kimoja hakikunjiki, lakini mikono anayo.”

Akauliza kama ni dada wa tumbo moja. Nikasema ndiyo, wa tumbo moja, na bado sijui ni shetani gani aliyenituma, nikaongeza kwamba amejifunza mwaka huu huu na ameshatupita wote. Yule mama akakijaza chungu mahindi hadi yakamwagika, akayamimina kwenye kikapu chetu, akasema ndaga, akaondoka amekikumbatia kifuani kama anavyobebwa mtoto. Nilijisifu moyoni njia nzima.

Nilipomsimulia mama jioni, akaacha kula. Akaniuliza yule mama alikuwaje, nikaeleza, na mgeni wetu aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni akakaa chini pale pale. Alikuwa mama mkwe wake.

Hakuna aliyenichapa. Afadhali wangenichapa. Nilikwenda kujificha nyuma ya tanuri, nikaapa kwamba sitasema tena maisha yangu yote, na nilivumilia karibu siku mbili.

Wiki tatu zikapita bila kitu. Kisha asubuhi moja wavulana waliokuwa wakitega nyavu wakapiga kelele kwamba mtumbwi wa watu wa bondeni unakuja, una wanaume watano. Mgeni alipanda juu ya jiwe, akatazama mara moja, kisha akafunika uso akasikiliza sauti zao. Aliporudi alisema mmoja ni mume wake, mwingine, kwa sauti yake, ni baba mkwe wake, na watatu waliobaki ni wazee wa rika la baba mkwe. Wamekuja kumchukua kwa heshima, alisema, ndiyo maana wameleta wazee.

Wanawake walitaka kumficha. Mmoja akasema nyumba yake ina dari la kuwekea nafaka, mwingine akasema apande mlimani kwa Wakinga. Mgeni akatikisa kichwa. Ndipo aliposema jambo ambalo sisi tulikuwa tunalijua nusu tu.

Kwao bondeni mke hamwoni baba mkwe wake wala baba mkwe hamwoni yeye. Si kuinamisha kichwa, ni kutoonana kabisa. Mke akisikia sauti ya baba mkwe njiani, anaiacha njia, anachuchumaa porini na kujifunika uso mpaka mzee apite. Na si baba wa mume peke yake, wazee wote wa rika lake ni baba mkwe. Ukivunja mwiko huo, watoto wanaugua na watu wanakusema mpaka kaburini. Baba mkwe hakanyagi ua wa mwanawe, mke wa mwana akiwamo.

Mgeni alisema, “Nikijificha, watakaa uani kwenu, watazungumza habari zangu, watazimaliza bila mimi. Siku zote mimi ndiye ninayeiacha njia. Leo sitaiacha.”

Kutoka ufukoni kuingia kijijini kwetu kuna njia moja tu, inapita kati ya jiwe kubwa na maji, na watu wawili hawapishani. Akachukua donge lake, akaenda kukaa katikati ya njia hiyo, miguu ameinyoosha, uso wazi. Kwetu sisi ulikuwa mwiko wa watu wengine, lakini yeye alikuwa anauvunja wa kwao, alioufundishwa na mama yake, na niliona jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu ingawa jua lilikuwa bado halijapanda. Mama akachukua donge akakaa nyuma yake. Kisha wenzake wawili, kisha mke wa yule mvuvi wa samaki walioungua, kisha wote. Mimi nilikaa mwisho kabisa kwa kuona haya.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, wazee wakainua macho wakamwona. Sijawahi kuona wanaume wazima wakigeuka haraka vile. Wote wanne waligeukia ziwa kwa pamoja, migongo kwetu, mmoja akiwa mguu ndani mguu nje. Ningecheka kama nisingekuwa na hofu.

Mume hakuwa na mwiko wa kumzuia. Alikuwa kijana mzuri wa sura, na hilo lilinikasirisha. Akaruka majini akaja kwa hatua ndefu, akamshika mkono ule ule wenye kidole kibovu. Mgeni hakupiga kelele. Mama akashika bega la mgeni la kushoto, mwingine akamshika kiuno, na nyuma yao kila mmoja akamshika aliye mbele yake, mpaka mnyororo ukanifikia mimi. Udongo ulitapakaa kila mahali. Yalisikika maji tu na yule kijana akihema.

Ndipo baba mkwe akasema, bila kugeuka, “Mwachie.”

Kijana akasema yule ni mke wake. Mzee akarudia, “Mwachie. Rudi kwenye mtumbwi.” Kijana akamwachia akarudi, na alipopita karibu na baba yake hakumtazama.

Mzee aliendelea kusimama akilitazama ziwa. Hakuweza kumsemesha mkwewe, kwa hiyo alimsemesha mama yangu, na mama akaitika kila sentensi kama inavyopasa. Alisema kwamba mke wake alikuja nyumbani na chungu. Hakukipikia. Alikiweka chini karibu na mlango, mahali ambapo yeye mzee hukaa kila asubuhi, upande wenye alama za kidole ukimwelekea. Kila siku alikikuta pale. Alipouliza kwa nini hakipikiwi, mkewe alimwambia akitazame kwanza.

“Mke wangu aliniambia tangu mwanzo,” alisema. “Aliniambia mtoto wa watu anaumizwa. Nikamjibu, mimi nifanye nini, siwezi kukanyaga ua ule, mkwe yumo. Mama mwenye vyungu, nilijificha nyuma ya heshima. Heshima ile iliyonizuia kwenda kumwokoa haiwezi leo kunileta kumchukua.”

Wazee wenzake walitazama miguu yao ndani ya maji. Baadaye akasema ng'ombe wa ndoa ile walitoka zizini kwake, si kwa mwanawe, na kwa hiyo atakayedai ni yeye, na yeye hana haraka. Atakwenda kuzungumza na baba wa binti, mzee kwa mzee, na binti asirudishwe popote asipotaka. Wale wazee watatu wakaguna kwa kukubali. Ndio aliowaleta kuwa mashahidi, na nadhani mwanawe alikuwa amedhani ni mashahidi wake.

Kabla ya kupanda, alichukua kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba ndani ya mtumbwi. Akatembea kinyumenyume hatua tatu au nne juu ya mchanga, mzee wa watu, akihangaika asianguke na asigeuke, akakiweka chini. Akasema mke wake anamsalimu mwenye mali. Wakasukuma mtumbwi wakaenda.

Tulibaki tumeshikana, kama vile hakuna aliyetuambia kwamba imekwisha. Kisha mama akaanza kulia, mama yangu ambaye hata ziwa lilipomchukua baba alilia ndani tu, na wengine wakafuata. Mgeni alifungua yale majani. Kilikuwa chungu chake, kizima, hakina masizi hata kidogo. Aliweka kidole chake kilichonyooka juu ya alama moja ya shingoni, kikaingia sawasawa, akabaki amekishikilia hivyo.

Nilimwendea kwa sababu sikuweza tena kuvumilia. Nilipiga magoti kwenye udongo nikamwambia nisamehe, ni mimi niliyesema, ni mdomo wangu. Nilitaka kumweleza jinsi yule mama alivyoniamkia vizuri na nilivyokuwa mjinga. Hakunisikiliza mpaka mwisho.

Akaniuliza, “Ulimwambia mimi ni nani wako?”

Nikasema, “Dada yangu.”

“Wa tumbo moja?”

Nikasema ndiyo, nilisema hivyo, nilisema uongo. Akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa udongo, kisha akachukua kile kilichobaki cha donge lake na kukiweka mapajani.

“Mdogo wangu,” akasema, “niletee maji. Udongo umekauka.”

Nikaenda mbio.